Tulichagua kigari chenye injini iliyokufa

Wadau, wiki hii zamu ya kuandika imetuangukia siye wa kikundi cha ufundi. Kwa miezi sasa mmekuwa mkituuliza, "Ile Baja mliipeleka wapi?" Basi tuseme mapema: tuliiuza. Na hatukuiuza kwa sababu ya njaa kama alivyoandika mmoja wenu hapa (tulikusoma, kaka, na tulicheka). Tuliiuza ili kile kigari kibovu ambacho hakuna aliyekitaka kipate umeme.

Kwa mliojiunga juzi: mwishoni mwa mwaka jana mzee mmoja, mgeni aliyefanya kazi Kigali miaka kadhaa, alikuwa anahama. Alituachia katoni mbili zenye vigari vitatu vya rimoti. Si vile vya plastiki vinavyouzwa mjini, vinavyokufa sikukuu haijaisha. Hivi ni vya mashindano: magurudumu manene, shokapu ndefu, shasi iko chini karibu na ardhi, na ndani mna injini halisi inayokunywa mafuta. Mzee alisema tufanye navyo tutakavyo, hata kuuza ruksa, ila tusiviweke kabatini kama vyombo vya wageni.

Sasa, kwa nini umeme? Kwanza mafuta yenyewe. Viwili kati ya vitatu vinatumia nitro, yaani methanoli iliyochanganywa na nitromethani na oili. Tulizunguka siku mbili kuulizia. Muuzaji mmoja wa Nyabugogo alidhani tunatafuta sumu ya panya. Pili ni kelele. Sisi tunaishi Kimisagara, nyumba zimepandana mlimani kama ngazi, na injini ya namna ile inalia kama msumeno wa mbao. Jirani yetu ni mlinzi wa usiku, analala mchana. Hapo hakuna mjadala.

Lakini sababu kubwa iko barabarani. Toka Januari 2025, pikipiki mpya inayoandikishwa Kigali kwa kubeba abiria lazima iwe ya umeme. Zile za esansi zilizokuwa na kibali bado zinatembea, lakini kila motari anajua hesabu inakwenda wapi. Ampersand walianza kuzitembeza hapa 2019, wengine wakafuata, na leo ukisimama Nyabugogo dakika tano utaziona zikipita kimya na betri zao. Kuna pia REM, ambao wamekuwa wakichukua pikipiki ya zamani ya esansi, wanatoa injini, wanaweka moteri na betri kwenye fremu ileile. Kazi ipo, jamani. Na sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Hilo tunalo. Tusichokuwa nacho ni karatasi za ufundi, kwa sababu wengine wetu shule zetu zilibaki Bujumbura, zingine Masisi, zingine ziliishia njiani.

Karakana moja inayotengeneza pikipiki za umeme ilitupa mlango mdogo. Inaweza kuchukua vijana wawili kwa majaribio ya miezi mitatu. Vyeti hawakudai. Walidai kitu kimoja: mje na chombo chochote mlichokigeuza wenyewe kutoka mafuta kwenda umeme, na mkieleze. Chombo chochote. Pikipiki hatuna. Tulikuwa na vigari.

Na kulikuwa na haraka. Mmoja wetu alikuwa ameshapimwa afya, ameshafanya mahojiano yote, anangoja tarehe ya ndege. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na mpaka leo sanduku lake liko chini ya kitanda. Mwingine ni motari wa esansi ambaye pikipiki si yake, ni ya kukodi kwa siku. Mwenye pikipiki alikuwa ameanza kuzungumza habari za kuiuza. Misaada nayo mnajua ilivyopungua. Kwa hiyo tulipokaa kuchagua kigari, haikuwa habari ya mchezo wa watoto, ingawa kwa nje ilionekana hivyo.

Pesa yetu ilitosha kununua vifaa vya umeme vya kigari kimoja, na hata hapo kwa kubana. Kipi?

Cha kwanza ni hiyo Baja, HPI Baja 5B. Hiki si kigari, ni gari dogo. Kipimo chake ni moja ya tano ya gari halisi, kina uzito wa kilo karibu kumi, injini ya cc 23, na hakitumii nitro, kinatumia esansi ya kituoni iliyochanganywa na oili. Kilikuwa kizima. Ukivuta kamba kinawaka. Watoto wa mtaa wote walikuwa wanakuja kukitazama tu kikiwa kimezimwa. Motari wetu alikipenda kama mtoto wake. Alisema, "Hii iko muzima, juu ya nini muiguse? Ile ingine haina hata roho."

Cha pili ni kigari cha nitro cha kipimo cha moja ya kumi, cha Kichina, hakina jina popote. Tuligeuza shasi juu chini, hakuna nembo, hakuna namba. Kidogo, chepesi, bodi yake nzuri ya bluu.

Cha tatu ni Kyosho Inferno, cha Kijapani, kipimo cha moja ya nane. Hakina bodi. Gurudumu moja la mbele halipo. Injini yake ya cc 3.5 ilikuwa imekwama kabisa. Mwenyewe aliiacha na mafuta ndani miaka mingi, na methanoli hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo beringi za ndani zilikuwa zimekula kutu na pistoni haisogei hata kwa spana. Kilikuwa kimetupwa chini ya katoni, kimefunikwa na gazeti.

Wa kwanza kusema "cha tatu" ni dada yetu wa kulehemu. Tulimcheka. Yeye akauliza: "Kwani tukishafika nyumbani tunafanya nini na injini?" Tukamjibu, tunaitoa. "Sasa kama tunaitoa, mnailipia nini ikiwa nzima?"

Hapo ndo mazungumzo yalibadilika. Tulichukua bisibisi tukaanza kuviangalia vyote vitatu kana kwamba injini haipo. Tungependa vijana wengine wanaotaka kugeuza chochote wafanye hivi, hata kama ni baiskeli au cherehani. Toa kichwani kile kitakachoondoka, halafu angalia kinachobaki.

Kwenye Inferno kilichobaki kilikuwa hiki. Shasi ni bamba la alumini nene; tuliilaza juu ya kioo cha meza, haikuyumba upande wowote. Ina difu tatu: ya mbele, ya nyuma na ya katikati. Tulishika gia ya katikati isizunguke, tukageuza gurudumu moja la nyuma, la pili likazunguka kinyume, laini, bila kukwaruza. Hiyo maana yake gia za ndani ni nzima. Shafti zote za chuma. Beringi mbili tu zilikuwa na sauti ya mchanga. Na magurudumu yake yanakaa kwenye heksi ya milimita 17, ambayo vigari vingi vya kipimo cha moja ya nane vinatumia, kwa hiyo gurudumu lililopotea unaweza kuliziba kwa la kampuni nyingine. Hata gia kubwa ya katikati ni ya meno ya kawaida, pinioni zake zinapatikana kwa watengenezaji wengi.

Kile cha bluu, ukiondoa injini, kinabaki na huzuni. Shasi ya bati jembamba iliyopinda kidogo. Juu ya kioo ilicheza kama stuli mbovu. Shafti ya katikati nayo imepinda. Ilikuwa na gia mbili za mwendo, na meno ya ile ndogo yameisha. Ungeweza kusema tutanunua vipuri. Vya nini? Kitu kisicho na jina unakitafutia kipuri kwa kuelezea na mikono.

Lakini kilikuwa na mtetezi, na hoja yake si ya kipuuzi. Mdogo wetu mmoja anafungua betri za laptopu mbovu na kutoa seli nzima ndani. Anazo kama thelathini. Alisema kigari kidogo kitaendeshwa na seli hizo bure, lakini Inferno italazimu betri ya kununua. Tukapiga hesabu pamoja naye. Seli ya laptopu imetengenezwa kutoa umeme polepole, ampea chache tu kila moja. Kigari chepesi chenye moteri ndogo kingeweza kuishi nazo ukizipanga nyingi sambamba. Inferno yenye uzito wa kilo tatu na zaidi, ukiibonyeza ghafla, inaweza kudai ampea sitini na kuendelea kwa sekunde moja. Seli zile zingechemka. Kwa hiyo mdogo wetu alikuwa sahihi kuhusu betri, na bado alishindwa kwa sababu ya shasi. Seli zake tumezitumia kwenye taa za chumba cha mikutano, zinafanya kazi vizuri sana.

Baja ndiyo iliyotugawa. Kuigeuza umeme kungehitaji betri mbili kubwa zilizoungwa mfululizo, zaidi ya volti 20, moteri kubwa, kidhibiti mwendo kikubwa. Bei mara mbili ya pesa yetu, pengine zaidi. Tena kuichinja injini nzima inayowaka ni dhambi, hata sisi tulikubali. Wengine wakasema basi tuiache na esansi yake, tuifurahie. Sawa, lakini karakana haitaki kuona kitu kinachowaka kwa kamba. Tulibishana Jumapili mbili. Ya pili tulipiga kura, saba kwa nne, iuzwe, na motari wetu alitoka nje kabla hatujahesabu. Tuliandika barua pepe kwa mzee kumwambia. Alijibu siku hiyohiyo kwamba yeye alishasema ruksa.

Aliyeinunua ni mtu wa hapa mjini anayependa vitu hivyo. Bei hatuiandiki hapa. Daftari lipo, mwanachama yeyote aje aone. Ikichanganywa na akiba yetu ya kutengeneza simu, ilitosha.

Vifaa tuliviagiza nje, na vililetwa na dada mmoja wa shirika aliyekuwa likizo Ulaya. Tunamshukuru sana. Hapa kuna jambo la kujua kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosafiri: betri ya lithiamu hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini ya ndege ikiwa iko peke yake, inabebwa mkononi, na bila kibali maalumu isizidi wati-saa 100. Yetu ni ya volti 14.8 na ampea-saa 5, ukizidisha unapata 74. Ilipita. Kabla ya kuagiza betri ya aina yoyote, zidisha kwanza namba hizo mbili.

Betri yenyewe ni seli nne, kila moja volti 3.7. Ndani ya betri za namna hii mna kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, upande wa Kolwezi. Mwenzetu mmoja wa Lubumbashi aliishika mkononi muda mrefu, akasema, "Kumbe tumekutana huku." Kisha akaanza kutafuta waya nyekundu.

Kabla vifaa havijafika tulikuwa na wiki tatu za kungoja, na hatukukaa bure. Tulijua vipimo vya moteri: kipenyo milimita 42, urefu 74. Tukachonga kipande cha mkaratusi kwa vipimo hivyo. Betri tuliitengeneza kwa sabuni: tulikata mche wa sabuni ya kufulia urefu wa sentimita 14 hivi, tukaupunguza upana na kimo kwa kisu. Siku nzima tukawa tunahamisha gogo na sabuni juu ya shasi. Moteri kulia ilipokuwa injini, betri kushoto, mahali pa tangi la mafuta na sevo ya breki. Tulifunga kamba katikati ya shasi mbele na nyuma, tukaining'iniza kuona inaegemea wapi. Gogo ni jepesi kuliko moteri, kwa hiyo tulilifunga nati nzito mpaka uzito ukaribie. Mama mwenye nyumba alituuliza kama tunaoga na hicho kigari.

Vilivyotoka ni vingi: injini, tangi, bomba la moshi, klachi, kichujio cha hewa, diski za breki na fimbo zake. Breki hazihitajiki tena kwa sababu moteri yenyewe inafunga. Sevo iliyokuwa inafungua mafuta tumeiweka akiba, siku ile ya usukani ikifa tunayo nyingine. Hata betri ndogo ya kipokezi imeondoka, kwa sababu kidhibiti mwendo kinakilisha umeme kutoka betri kubwa.

Kitu kimoja tu kilihitaji fundi wa nje: kishikizo cha moteri. Tulikwenda Gakinjiro ya Gisozi, kule kwa maseremala na wachomeleaji. Fundi alitaka kujua kwanza ni cha nini. Alipokiona alisema, "Banyeshuri, munanifanyisha kazi ya saa." Lakini aliifanya. Bamba la alumini la milimita 6, matundu ya chini yafuate matundu manne ambayo injini ya zamani ilikuwa imefungwa, ili shasi isitobolewe tena. Matundu ya juu, ya kufungia moteri, tulimwomba asiyafanye ya duara, ayafanye marefu kama jicho, ili moteri iweze kusogezwa karibu au mbali na gia kubwa. Bila hivyo ukibadilisha pinioni umekwama.

Nafasi kati ya gia na gia tuliipima kwa karatasi ya daftari. Unaweka ukanda mmoja katikati ya meno, unasukuma moteri mpaka ibane, unakaza bolti, halafu unazungusha karatasi itoke. Ikitoka na mikunjo bila kuchanika, imekaa vizuri. Zikibana sana zinaimba na kupata moto. Zikiachana sana meno yanaliwa. Ni kazi ya dakika mbili na ndiyo ambayo karakana waliiuliza kuliko zote, lakini tusikimbilie.

Kulehemu alifanya dada yetu. Waya za betri ni nene, kile kifimbo chetu cha kulehemu simu hakikuweza kuzipasha joto, risasi inaganda juu kama mafuta ya ng'ombe. Alikwenda Biryogo kwa fundi wa redio akaazima kikubwa. Alilehemu kila kiungo mara moja, akavuta kwa nguvu zake zote kuona kama kitatoka, halafu akavisha mpira. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na mtu wa pili akathibitisha kwa mita kabla ya kuunganisha. Hiyo tumeifanya sheria: anayelehemu si yeye anayethibitisha.

Kuhusu kuchaji tunaomba mtusikie vizuri, hasa mnaoishi wengi kwenye chumba kimoja kama sisi. Betri hizi zikiharibika zinawaka, na moto wake hauzimwi kwa ndoo moja. Tunachaji uani, ndani ya chungu cha udongo chenye mchanga chini, mtu amekaa pale na hana simu mkononi. Kila seli isizidi volti 4.2, na chaja iwe ya kusawazisha seli zote nne. Tukimaliza kucheza hatuiachi ikiwa tupu wala imejaa, tunaiacha nusu, karibu volti 3.8 kwa seli. Siku ikivimba kama mandazi, haitumiki tena, hata kama inaonyesha umeme. Gharama msiogope: ukinunua yuniti moja ya kashipawa unaijaza mara kumi na chenji inabaki.

Tulikijaribu asubuhi ya Jumamosi ya usafi wa umuganda ulipoisha, kwenye uwanja wa udongo. Tuliweka pinioni ndogo ya meno 14, kwa sababu hatukutaka mbio, tulitaka kisipate joto. Hata hivyo kilipoondoka, magurudumu yote manne yaliparua udongo kabla kigari hakijasogea. Moteri ya umeme inatoa nguvu yake yote toka kwenye sifuri. Injini ya mafuta lazima kwanza ipande mzunguko ndo klachi ishike. Motari wetu, ambaye alikuwa hajazungumza nasi vizuri tangu kura, alichukua rimoti. Alikipeleka kwenye kile kilima cha pembeni, akakisimamisha katikati ya mteremko, akakiondoa tena hapohapo. Akarudia mara nne. "Ni hivi hivi ya umeme inafanya ukipanda toka Nyabugogo na mutu wa kilo mia nyuma," alisema. "Ya esansi pale unaomba Mungu." Kilikwenda dakika kumi na tano hivi kidhibiti kikakikata kulinda betri. Tuligusa moteri kwa kidole: joto, lakini unavumilia.

Wakati huo ndo aliuliza swali ambalo hata sisi hatuna jibu zuri. Esansi unanunua popote, hata kwenye chupa. Pikipiki ya umeme betri si yako, unabadilisha kwenye kituo cha mwenye betri, na kituo kikiwa na foleni unapoteza abiria. Kwa hiyo ni nani bosi wako? Tulizungumza mpaka jua likawa kali. Wengine wanaona ni utumwa mpya, wengine wanaona hata esansi ina wenyewe. Sisi tunadhani ndiyo sababu zaidi ya kujua kilichomo ndani ya sanduku hilo, maana anayeweza kulifungua na kulirekebisha hategemei foleni.

Karakana walitupokea Jumanne. Tulikwenda watano. Fundi mkuu hakuwasha kigari kwa nusu saa nzima. Alikigeuza, akavuta waya, akatikisa moteri, akatuuliza karatasi ya gia, akauliza kwa nini betri iko kushoto, akauliza kwa nini kuna utepe chini ya shasi. (Ni kuziba tundu ambalo gurudumu la injini ya zamani lilipitia, bila utepe, vumbi jekundu la Kigali linaingia kwenye gia.) Kisha akauliza kwa nini tulichagua hiki na si kingine. Dada alimweleza habari za kioo cha meza. Yule fundi akasema kwao ni vilevile: pikipiki ya kugeuzwa huanza kuangaliwa fremu na shingo ya usukani, injini hawaiwashi hata. Nairobi nako, Roam, ambao walianza 2017 kwa jina la Opibus, walikuwa wakigeuza magari ya safari kama Land Cruiser, ambayo shasi yake inadumu miaka mingi baada ya injini kuchoka.

Wamechukua wawili: dada wa kulehemu na motari. Wanaanza mwezi huu. Posho ni ndogo, nauli ni yao wenyewe, na motari ataendesha esansi jioni mpaka mwenye pikipiki aamue. Yule wa sanduku chini ya kitanda alikuwa wa tatu. Aliambiwa awamu ijayo, bila tarehe. Maneno hayo ameshayasikia sehemu nyingine, na alituambia hivyo. Kwa sasa yeye ndiye mwalimu wetu wa Jumamosi, anafundisha wadogo kupima volti, na daftari lake la michoro ni zuri kuliko la yeyote.

Kigari chenyewe kitakwenda Mahama mwezi ujao, kwa wenzetu wa kambini, wiki mbili. Kitapanda basi, betri tutaibeba kwenye mkoba, nusu. Wa Mahama, tayarisheni chungu na mchanga, na mtu mmoja mwenye mita. Bodi hakina bado, tunafikiria kukitengenezea kwa chupa za maji zilizopashwa joto, mwenye ujuzi aje.

Na ndugu zetu wa mashirika ambao mmekuwa mkituuliza tunahitaji nini: msituletee kigari cha nne. Difu ya nyuma imeanza kuvuja oili, tunahitaji pete za mpira na beringi mbili. Na gurudumu la mbele kushoto ni la kuazima, heksi milimita 17, mwenyewe anadai Ijumaa.